Bunduki ya Zamani: Je, Yafaa Kupigwa?

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya bunduki ya zamani ya jeshi. Mtu atajuaje kama bunduki hiyo yafaa kupigwa, au kama imekwisha kuwa adui wa yule anayeishika? Nimechagua habari hii kwa sababu watu wengi hudhani ya kuwa bunduki ni kama jembe. Jembe la babu likiwa na kutu hupigwa tupa kidogo, likarudi shambani. Bunduki sivyo. Jembe likivunjika, kazi husimama. Bunduki ikipasuka, huondoka na jicho au vidole vya mwenyewe.

Sisi watu wa Tanga tuna sababu ya kuijua habari hii kuliko wengine. Mji wetu, ambao Chumbageni ni sehemu yake, ulipiganiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga zikiwa na watu wa vita wapatao 8,000, wengi wao kutoka Bara Hindi, wakashushwa upande wa Ras Kazone. Wajerumani, chini ya amri ya Lettow-Vorbeck, walikuwa na watu wapatao 1,000 tu, na wengi katika hao walikuwa askari Waafrika walioletwa kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi. Vita vikali vilipiganwa tarehe 4. Siku ya pili yake Waingereza walirudi melini, wakaacha nyuma yao mizinga ya bombomu, bunduki za kutosha makombania matatu, na risasi zipatazo 600,000.

Sasa fikirini jambo hili. Wengi wa askari wa Wajerumani walikuwa wakitumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, na baruti yake ilikuwa nyeusi, yenye kutoa moshi mwingi hata adui akajua mpigaji yuko wapi. Wengine walikuwa na Mauser ya mwaka 1898, ambayo hupiga risasi ya milimita 7.9 kwa baruti isiyo na moshi. Na bunduki zilizoachwa na Waingereza zilikuwa za risasi iitwayo .303, ambayo unene wake ni milimita 7.7 kwa hesabu yao. Hivyo katika mji mmoja, kwa siku chache, zilikutana bunduki za namna tatu. Kwa mbali zafanana: zote zina mti, chuma na mkanda. Lakini kila moja ina chakula chake, na kuilisha chakula cha nyingine ni hatari.

Basi tuseme kijana mmoja wa Chumbageni amefungua sanduku la marehemu babu yake, akaona ndani yake bunduki iliyofungwa katika kitambaa, na risasi chache ndani ya kopo. Anakwenda kwa mjomba wake, mzee aliyekuwa fundi wa silaha jeshini.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?”

“Njema, mjomba. Nimeona bunduki katika sanduku la babu. Nguruwe wametumalizia muhogo wote shambani. Nilitaka kuijaribu usiku huu.”

“Iko wapi sasa?”

“Nimeiacha pale pale. Sikuigusa.”

“Vyema sana. Usiiguse tena, wala mtoto asiikaribie. Twende kwanza tukawaarifu Polisi, ndipo tuzungumze habari za nguruwe.”

Mzee huyu amesema neno la hekima. Katika Tanzania mtu haruhusiwi kuweka silaha pasipo kibali, hata kama ni urithi. Sheria inayosimamia silaha na risasi ilitungwa upya mwaka 2015. Mtu aliyeona bunduki ya namna hii asiibebe njiani. Aiache mahali ilipo, afunge mlango, akapige ripoti. Na ikiwa imeonekana ardhini, pamoja na risasi au vyuma vingine vya vita, haifai hata kuichimbua, kwa kuwa kombora lililokaa ardhini miaka mia laweza bado kulipuka. Mambo nitakayoeleza sasa ni ya bunduki iliyokubaliwa na sheria, mikononi mwa mwenye kibali.

Kwanza yatupasa kufahamu nguvu iliyomo ndani ya bunduki. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano, fataki iliyo katika kitako cha ganda, baruti iliyo ndani, na kichwa kinachoruka. Mtu akifyatua, msumari wa bunduki hugonga fataki, fataki huwasha baruti, na baruti hugeuka hewa ya moto kufumba na kufumbua. Katika bunduki ya .303 nguvu ya hewa hiyo hupita kilo 3,000 katika kila sentimita moja mraba. Upepo ulio ndani ya gurudumu la motakaa ni kilo mbili hivi kwa kipimo hicho hicho. Na nguvu hiyo yote hufungwa karibu na uso wa mpigaji, umbali wa shubiri moja tu kutoka jicho lake.

Ni kitu gani kinachomlinda? Ni vitu vitatu: mtutu wa chuma kigumu, komeo, yaani kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele ili kufunga mtutu, na ganda la shaba, ambalo hutanuka na kuziba kila mwanya ili hewa ya moto isirudi nyuma. Kimoja katika hivi kikiwa kibovu, vile viwili havitoshi. Ndiyo maana bunduki yaweza kung’aa kwa nje, na mti wake umepakwa mafuta, nayo ni mbovu kabisa. Na nyingine yaweza kuonekana chakavu, nayo ni nzima. Macho peke yake hayatoshi. Lazima ipimwe.

Sasa tufuate kazi ya fundi, hatua kwa hatua.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha ya kuwa bunduki haina kitu. Kila bunduki ihesabiwe kuwa imejaa mpaka uione wazi. Fundi huelekeza mdomo wake mahali pasipo na mtu, huweka kidole mbali na kifyatulio, hufungua komeo, hutoa sanduku la risasi ikiwa latoka, kisha hutazama kwa macho na kupapasa kwa kidole chumba cha risasi. Chumba ni giza, na ganda lililoota kutu laweza kufanana na chuma chenyewe. Kama komeo limekwama, asiligonge kwa nyundo. Huenda ndani mna risasi.

Jambo la pili ni kuijua bunduki yenyewe. Fundi husoma herufi na tarakimu zilizopigwa juu ya chuma. Hutazama kama namba ya komeo ni sawa na namba ya bunduki. Katika vita na katika ghala, makomeo huchanganywa. Komeo la bunduki moja huingia katika nyingine bila ya taabu, lakini huenda lisikae sawasawa. Vilevile hutafuta herufi D.P. Bunduki za Kiingereza zenye herufi hizo zilikwisha kukataliwa, zikawekwa kwa kufundishia askari wapya gwaride tu. Nyingine hutobolewa kabisa, lakini si zote. Bunduki yenye alama hiyo haipigwi kamwe, hata ikiwa nzuri namna gani.

Katika kuijua bunduki, kubwa zaidi ni kuijua risasi yake. Haitoshi kusema, “Imeingia, basi ni yake.” Nitatoa mifano miwili. Risasi ya Kijerumani ya milimita 7.9 hapo kwanza ilikuwa na kichwa chenye unene wa milimita 8.08 hivi. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, ikatengenezwa nyingine yenye kichwa cha milimita 8.2 hivi. Ganda ni lile lile, na jina ni lile lile. Tofauti haifiki hata unene wa kucha. Lakini kichwa kinene kikisukumwa katika mtutu mwembamba wa bunduki ya zamani, nguvu ya ndani hupanda kupita kiasi. Mfano wa pili ni baruti. Bunduki ya mwaka 1871, na magobori yote ya kushindilia kwa mdomo, yalitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo nguvu yake ni ndogo. Ukitia baruti ya sasa isiyo na moshi, chuma kile hakikuumbwa kwa kazi hiyo, kitapasuka.

Jambo la tatu ni mtutu. Fundi huondoa komeo, huuelekeza mtutu kwenye mwanga, na kutazama kutoka nyuma kwenda mbele. Kwanza hutafuta kizuizi: udongo, kitambaa kilichosahauliwa, kiota cha nyigu wa tope, au kichwa cha risasi kilichokwama. Kizuizi kidogo tu chatosha kupasua mtutu, kwa kuwa risasi inapokigonga, hewa ya moto iliyo nyuma yake haina pa kwenda. Kisha hutafuta kivuli cha mviringo, kama pete nyeusi. Pete hiyo ni dalili ya kuwa mtutu ulikwisha kuvimba hapo zamani. Na ukiupapasa kwa nje, pengine utaona umeumuka kidogo. Mtutu uliovimba umekwisha kazi yake.

Kisha ni kutu. Katika pwani yetu kutu ina rafiki wawili, nao ni upepo wa bahari na fataki za zamani. Fataki za jeshi za wakati ule zilitiwa dawa iitwayo kloreti ya potasi, na ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi huvuta maji kutoka hewani, na maji hula chuma. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Ndiyo maana askari walifundishwa kumimina maji ya moto ndani ya mtutu, kuukausha, kisha kuupaka mafuta. Bunduki ambayo haikuoshwa hivyo huonekana ndani kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Vishimo vidogo karibu na mdomo huharibu shabaha tu; lakini vishimo vikubwa katika chumba cha risasi, mahali ambapo nguvu ni nyingi, ni hatari kwa uhai. Wala fundi hasahau kuufungua mti wa bunduki na kutazama chini yake. Kutu hupenda kujificha pale ambapo mti umegusana na chuma, na mchwa hupenda mti wenyewe.

Jambo la nne ni komeo. Komeo lina masikio ya chuma yanayoingia katika nafasi zake na kushika, kama vile pingo la mlango linavyoshika ukutani. Fundi huyasafisha masikio hayo na kuyatazama kwa kioo cha kukuzia, akitafuta ufa mwembamba kama unywele. Hutazama msumari kama umepinda au umekatika ncha. Hujaribu kifyatulio na kizuio chake bunduki ikiwa tupu: akiweka kizuio, je, hushika? Akiupiga mti wa bunduki kwa kiganja, je, msumari hufyatuka wenyewe? Bunduki inayofyatuka pasipo kuguswa ni mbaya kama mbwa mwenye kichaa.

Jambo la tano ndilo lisiloonekana kwa macho, na ndilo linalowadanganya wengi. Ni nafasi iliyobaki kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi. Fikirini mlango ulio na komeo legevu. Upepo ukivuma, mlango hugonga mbele na nyuma, mpaka siku moja bawaba hukatika. Risasi nayo hivyo hivyo. Nafasi ikiwa kubwa, ganda husukumwa nyuma kabla ya kushikwa na komeo; shaba hunyooka, hukatika karibu na kitako, na hewa ya moto hurudi usoni mwa mpigaji. Kwa bunduki ya .303 nafasi hiyo hupimwa kwa vipande vya chuma vilivyochongwa kwa uhodari. Kipande cha milimita 1.63 lazima kikubaliwe na komeo lifungike. Kipande cha milimita 1.88 lazima kikataliwe. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni robo ya milimita. Nani awezaye kuiona robo ya milimita kwa jicho, ndani ya chumba chenye giza?

Hata hivyo ziko dalili ambazo mtu wa kawaida aweza kuzisoma katika ganda lililokwisha kupigwa. Ukiona mviringo unaong’aa juu kidogo ya kitako, au ufa, au fataki iliyosukumwa nje, au weusi wa moshi uliotapakaa pembeni ya fataki, usipige tena. Ganda limesema kwa niaba ya bunduki.

Sasa nirudi katika risasi za ndani ya kopo, kwa maana hapa pwani yetu ina kisa chake. Mwezi wa Aprili 1915 Wajerumani walileta kwa siri meli iitwayo Rubens, ambayo ilijifanya kuwa meli ya Denmark kwa jina la Kronborg. Ilikuwa imechukua bunduki mpya zipatazo 1,800 na mamilioni ya risasi. Tarehe 14 Aprili manowari ya Kiingereza Hyacinth iliikuta katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikaipiga mizinga. Nahodha aliizamisha meli yake mahali pa maji machache, na Waingereza wakadhani imekwisha. Lakini Wajerumani waliipakua shehena kutoka majini. Bunduki zikasafishwa. Risasi zilikuwa taabu, kwa kuwa maji ya bahari yalikuwa yameziingia. Zikafunguliwa moja moja, baruti ikaanikwa, zikafungwa tena. Kazi ilikuwa kubwa, na hata hivyo nyingi zilipofyatuliwa hazikulia.

Risasi isiyolia katika vita ni msiba wa namna moja. Lakini risasi mbovu ina misiba mingine pia. Yaweza kuchelewa: umefyatua, umesikia kimya, umefungua komeo kutazama, nayo ikalia mikononi mwako. Kwa hiyo risasi isipolia, elekeza bunduki mahali salama, hesabu polepole mpaka 60, ndipo ufungue komeo huku umeugeuza uso. Tena yaweza kulia kwa sauti hafifu, kama mtu aliyekohoa. Hapo usipige nyingine! Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili itaupasua. Risasi yenye ukungu wa kijani, yenye ufa shingoni, au iliyokaa miaka mingi katika kopo lenye unyevu, haisafishwi wala haijaribiwi. Hupelekwa kwa Polisi ikaharibiwe.

Pengine mtu atasema, “Najua dawa ya mashaka haya. Nitaifunga bunduki katika mnazi, nitavuta kamba kwa mbali. Ikilia salama, ni nzima.” La, ndugu yangu. Chuma chenye ufa chaweza kustahimili mara ya kwanza na kuachia mara ya pili, wakati shavu lako liko juu yake. Tena ile mara ya kwanza ndiyo iliyouongeza ufa. Ni kweli kwamba huko Uingereza ziko nyumba maalumu za kujaribia bunduki. London jambo hili lina asili ya mwaka 1637, na Birmingham mwaka 1813. Hapo mtutu hupigwa kwa risasi yenye nguvu kupita ya kawaida, na ukishinda hupigwa chapa. Lakini baada ya kupigwa huchunguzwa tena na mafundi, na hiyo ndiyo siri ya kazi yao. Nayo chapa husema tu ya kuwa bunduki ilikuwa nzima siku ile. Haisemi habari za miaka mingi sandukuni karibu na bahari.

Basi neno langu lote la leo ni hili: bunduki haithibitishwi kwa kupigwa, huthibitishwa kwa kupimwa. Ikumbukeni kwa utaratibu wake: sheria kwanza, kisha iwe tupu, kisha jina lake na risasi yake, kisha mtutu, kisha komeo, kisha kipimo cha ile nafasi, na mwisho risasi mpya na safi. Sharti moja likikosekana, bunduki isipigwe, hata kama masharti mengine yote yametimia.

Na yule kijana wetu wa Chumbageni? Bunduki ya babu yake ilikuwa ya .303. Mjomba aliombwa na Polisi kuitazama. Mtutu ulikuwa safi kuliko walivyotazamia, na kijana akafurahi. Lakini kipande cha milimita 1.88 kilipotiwa, komeo lilijifunga juu yake taratibu, kama mlango unaomkaribisha mgeni. Mzee alikitoa kipande, akakifuta mafuta, akasema, “Mwanangu, nguruwe watakula muhogo msimu huu. Muhogo hupandwa tena.”